Gari la umeme: Nafuu ya mafuta au deni jipya la nyumba?

BEI kikomo za mafuta nchini Tanzania hutangazwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Tangu Agosti 2022, petroli ilipovuka sh. 3,400 kwa lita jijini Dar es Salaam, familia nyingi zenye gari moja zimezoea kungoja tangazo hilo kabla ya kupanga matumizi ya mwezi. Bei imepungua tangu wakati huo, lakini wasiwasi haukupungua, na ndiyo sababu gari la umeme limeanza kutajwa katika mazungumzo ya watu wa kipato cha kati, kuanzia wenye maduka ya Kariakoo hadi wafanyakazi wa benki.

Kwamba umeme ni nafuu kuliko petroli halina ubishi. Linalobishaniwa ni nani hasa anayeipata nafuu hiyo. Akiba ya umeme huja kidogo kidogo, kwa kila kilomita gari linayotembea, wakati bei ya gari hulipwa mara moja, au kwa marejesho ya benki yasiyojali kama gari lilitembea au lililala. Familia inayoingia katika biashara hii bila kupiga hesabu ya kilomita zake inaweza kujikuta imeepuka kituo cha mafuta na kuangukia mikononi mwa afisa mikopo.

Hesabu ya mwezi

Chukuliwe mfano wa familia inayoishi Mbezi, ambayo mzazi mmoja huendesha gari kwenda Kariakoo na kurudi, takriban kilomita 40 kwa siku, siku 25 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 1,000. Gari lao ni dogo, la injini ya sisi 1,300, na katika foleni za Barabara ya Morogoro linakwenda kilomita 12 kwa lita moja.

Kwa petroli ya sh. 2,800 kwa lita, familia hiyo inahitaji lita 83.3 kwa mwezi, sawa na sh. 233,300 hivi.

Gari dogo la umeme kama Nissan Leaf, ambalo ndilo linalopatikana zaidi miongoni mwa magari ya umeme yaliyotumika kutoka Japani, hutumia karibu uniti 18 kwa kila kilomita 100, ukihesabu pia umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Kwa kilomita 1,000 ni uniti 180. Mteja wa kawaida wa TANESCO aliye katika daraja la T1 hulipa sh. 292 kwa uniti kabla ya makato. Ukiongeza VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya umeme vijijini na asilimia 1 ya EWURA, uniti moja inafikia sh. 356. Gharama ya mwezi inakuwa sh. 64,080.

Tofauti ni sh. 169,220 kwa mwezi, au zaidi kidogo ya sh. milioni mbili kwa mwaka. Kwa nyumba yenye watoto wawili shuleni, hiyo si fedha ya kudharau. Kila petroli inapopanda kwa sh. 100, akiba hiyo huongezeka kwa sh. 8,330, na inaposhuka hupungua kwa kiasi hicho hicho. Msomaji mwenye bei nyingine au gari jingine anaweza kuingiza tarakimu zake mwenyewe katika mtiririko huu.

Angalia daraja la LUKU

Kuna jambo ambalo wauzaji wa magari hawalitaji. Nyumba zenye matumizi madogo, wastani usiozidi uniti 75 kwa mwezi, zimewekwa katika daraja la D1. Huko uniti hulipiwa sh. 100 kabla ya makato, yaani sh. 122 baada ya makato. Nyumba inayotumia uniti 60 kwa taa, friji na televisheni hulipa sh. 7,320 tu kwa mwezi.

Nyumba hiyo hiyo ikianza kuchaji gari, matumizi yanapanda hadi uniti 240 na daraja la D1 linapotea. Uniti 60 za taa na friji nazo zitalipiwa sh. 356 kila moja, jumla sh. 21,360. Ongezeko la sh. 14,040 limeletwa na gari, na kwa haki linapaswa kuandikwa katika daftari la gari. Akiba ya kweli ya familia hiyo inakuwa sh. 155,180.

Kwa wapangaji hali ni ngumu zaidi. Katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, wapangaji watatu au wanne huchangia mita moja ya LUKU. Mmoja wao akichomeka gari usiku, ugomvi hautachelewa. Asiye na mita yake peke yake, na sehemu yake ya kuegesha ndani ya uzio, hajafika mahali pa kununua gari la umeme, hata kama fedha anazo.

Gesi ni mshindani wa karibu

Wanaolinganisha umeme na petroli peke yake wanasahau kuwa Dar es Salaam ina nishati ya tatu, nayo ni gesi asilia. Gari lile lile la petroli linaweza kufungwa mtungi na vifaa vya gesi kwa takriban sh. milioni 1.5 hadi milioni 2, bila kuuza gari wala kukopa fedha nyingi.

Kilo moja ya gesi hupeleka gari mbali kuliko lita moja ya petroli. Gari linalokwenda kilomita 12 kwa lita linaweza kukisiwa kwenda kilomita 17 kwa kilo. Kwa bei ya sh. 1,550 kwa kilo, kilomita 1,000 zinahitaji kilo 59, sawa na sh. 91,450. Mwenye gari anaokoa sh. 141,850 kwa mwezi, na hata akilipa sh. milioni 2 kufunga mtungi, fedha yake imerudi katika miezi 14 hivi.

Ukilinganisha gesi na umeme, umeme unashinda kwa sh. 27,370 tu kwa mwezi. Kwa nyumba iliyopoteza daraja la D1, ushindi huo unashuka hadi sh. 13,330. Ni vigumu kuhalalisha ununuzi wa gari jipya kwa tofauti ya namna hiyo.

Gesi ina kasoro zake. Vituo ni vichache kulingana na idadi ya magari, foleni zinaweza kula saa nzima au zaidi, na mtungi unachukua nafasi ya mizigo. Kwa mfanyabiashara, saa moja ya foleni ina bei. Hata hivyo, kwa familia ambayo tayari ina gari zima la petroli na haina fedha za ziada, gesi ndiyo njia ya bei ndogo zaidi ya kukimbia kituo cha mafuta.

Pengo la bei na mkopo

Sasa ifikiriwe kuwa familia ya Mbezi inataka gari la umeme, na kwamba baada ya kuuza gari lake la zamani inahitaji kuongeza sh. milioni 10. Pengo hili hutofautiana kwa aina na umri wa gari, lakini linafaa kwa mfano.

Kama fedha hiyo ipo mkononi, akiba ya sh. 169,220 kwa mwezi itairudisha katika miezi 59, karibu miaka mitano. Ukiongeza sh. 30,000 kwa mwezi kwa sababu gari la umeme halina oili ya injini, filta ya oili wala plagi za kubadilisha, muda unashuka hadi miezi 50. Lakini bima kubwa hutozwa kwa asilimia ya thamani ya gari. Kwa kiwango cha asilimia 3.5, thamani iliyoongezeka kwa sh. milioni 10 inadai sh. 350,000 zaidi kwa mwaka, yaani sh. 29,000 kwa mwezi. Kilichopatikana gereji kimechukuliwa na bima, na hesabu inarudi kwenye miaka mitano.

Mwekezaji mdogo aliyezoea hati fungani za Serikali au vipande vya UTT ataliangalia suala hili kwa namna nyingine. Milioni 10 zinazozalisha asilimia 12 kwa mwaka huleta sh. 100,000 kwa mwezi, na mwisho wa muda mtaji unarudi wote. Gari la umeme linaleta sh. 169,220 kwa mwezi, sawa na asilimia 20 kwa mwaka, lakini mtaji haurudi. Unachakaa pamoja na betri. Asilimia 20 inayokula mtaji si bora moja kwa moja kuliko asilimia 12 inayoutunza.

Kwa anayekopa, hesabu ni chungu zaidi. Wastani wa riba za mikopo ya benki nchini umekuwa ukizunguka asilimia 15. Mkopo wa sh. milioni 10 kwa kiwango hicho, unaolipwa kwa miezi 36 kwa riba ya salio linalopungua, unadai marejesho ya karibu sh. 346,650 kila mwezi. Akiba ya mafuta inalipa chini ya nusu yake. Zinazobaki, zaidi ya sh. 177,000 kwa mwezi kwa miaka mitatu, zitatoka katika ada za shule, chakula au mtaji wa duka. Familia iliyodhani inapunguza matumizi itakuwa imeyaongeza, na itaanza kuona nafuu mwaka wa nne, wakati gari limeshazeeka.

Familia inayotumia gari kwa kanisani au msikitini, sokoni na misibani, tuseme kilomita 400 kwa mwezi, iko mbali zaidi. Akiba yake ni kama sh. 67,700. Sh. milioni 10 zitarudi baada ya miaka 12, na betri ya gari lililonunuliwa likiwa limetumika haitarajiwi kusubiri hivyo.

Betri ndiyo mtaji

Katika gari la petroli mnunuzi husikiliza injini. Katika gari la umeme anapaswa kuchunguza betri, maana ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya thamani ya gari.

Betri za lithiamu ziliingia sokoni mwaka 1991, Sony ilipozitumia katika vifaa vidogo vya umeme, na miaka 28 baadaye wanasayansi watatu, Goodenough, Whittingham na Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyoziwezesha. Bei yake imeshuka sana. Mwaka 2010 betri ya gari iligharimu zaidi ya dola 1,000 kwa kila uniti ya uwezo wake. Mwaka 2024, kwa hesabu za shirika la BloombergNEF, wastani wa dunia ulikuwa dola 115. Lakini hiyo ni bei ya viwanda vinavyonunua kwa maelfu. Mtu mmoja anayetafuta betri moja Dar es Salaam hataiona bei hiyo, kwani ataongeza usafirishaji, ushuru, faida ya muuzaji na kazi ya fundi.

Nissan Leaf ya kwanza ilianza kuuzwa Desemba 2010 ikiwa na betri ya uniti 24. Mwishoni mwa mwaka 2015 likaja toleo la uniti 30, mwaka 2017 la uniti 40 na mwaka 2019 la uniti 62. Betri za matoleo hayo hazina mfumo wa kupozwa kwa maji, na joto ni adui wake. Mwaka 2012 wamiliki wa jimbo la Arizona nchini Marekani, lenye joto kali, walilalamika kuwa betri zao zinapungua haraka, na kampuni ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri. Anayenunua gari kwa ajili ya Dar es Salaam, Tanga au Mombasa anapaswa kulikumbuka hilo.

Bahati nzuri Leaf yenyewe inatoa siri. Pembeni mwa mshale wa chaji kwenye dashibodi kuna vijistari 12 vinavyoonyesha afya ya betri. Kimoja kikikosekana, betri imeshapoteza karibu asilimia 15 ya uwezo wake. Vikibaki vinane, imepoteza zaidi ya theluthi moja. Gari la uniti 24 lililokuwa likienda kilomita 120 katika matumizi ya kawaida likiwa jipya litakuwa likienda kilomita 80 au pungufu. Kwa safari ya Mbezi na Kariakoo bado linatosha. Kwa Chalinze na kurudi halitoshi. Anayeagiza kupitia wakala adai picha ya dashibodi gari likiwa limewashwa, na akipata nafasi apime kwa kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi wa gari na kusomwa kwa simu.

Kuna tofauti ya sheria inayogusa soko hili. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Tanzania inaruhusu, ila gari lililopita umri huo hutozwa ushuru wa ziada wa uchakavu. Matokeo yake ni kwamba yadi ya Dar es Salaam inaweza kuwa na gari la umeme la zamani kuliko lolote linaloweza kuagizwa kupitia Mombasa. Bei yake itaonekana ndogo, lakini sehemu ya bei hiyo imekwenda kwenye ushuru wa uzee, na betri ni ya umri ule ule. Rahisi ni ghali, walisema wahenga.

Soketi, waya na safari ndefu

Kuchaji nyumbani hakuhitaji mtambo mkubwa. Soketi ya kawaida inayotoa ampea 10 hutoa karibu kilowati 2.3, na kwa saa nane za usiku gari hupata uniti 18, zinazotosha kilomita 100. Lakini soketi inayobeba mzigo huo kila usiku inahitaji waya mnene, waya wa ardhini uliofungwa sawasawa na swichi yake peke yake. Gharama ya fundi umeme mwenye leseni iwekwe katika bajeti tangu mwanzo. Waya mwembamba uliofichwa ukutani miaka 20 iliyopita haukuwekwa kwa kazi hiyo.

Aina ya plagi nayo ni suala la fedha. Magari ya Japani kama Leaf hutumia CHAdeMO kwa chaji ya haraka. Magari ya China yaliyotengenezwa kwa soko la huko hutumia GB/T, na ya Ulaya hutumia CCS. Anayenunua aulize kwanza kituo kilicho karibu naye kina plagi gani, kwa kuwa gari lisiloingiliana na mashine ya kituo litabaki la kuchaji nyumbani tu.

Umeme wenyewe umeimarika. Mgawo ulioisumbua nchi mwaka 2023 hadi mwanzoni mwa mwaka 2024 ulipungua baada ya Bwawa la Julius Nyerere kuanza kuzalisha Februari 2024, na mwaka 2025 mitambo yote tisa, yenye jumla ya megawati 2,115, ilikuwa imekamilika. Kukatika kwa umeme mtaani kwa sababu ya nguzo au transfoma ni jambo jingine, na mwenye gari la umeme ajizoeze kutosubiri chaji iishe.

Kwa safari za mbali, familia ipange njia nyingine. Kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro ni karibu kilomita 190, na Leaf ya zamani haifiki bila kuchaji njiani. Treni ya SGR, ambayo nayo inatumia umeme, ilianza safari za Morogoro Juni 2024 na za Dodoma Julai 2024, kwa nauli ya kuanzia ya sh. 13,000 na sh. 31,000 kwa daraja la kawaida. Kwa wanaokwenda Moshi Krismasi, basi au gari la kukodi liingizwe katika hesabu ya mwaka. Anayeweka gari la pili la petroli kwa ajili ya safari mbili kwa mwaka amejiongezea bima na matengenezo, na akiba yake imeyeyuka.

Wanaotembea sana

Mahali ambapo umeme unalipa ni kwa chombo kinachoshinda barabarani. Teksi inayotembea kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inafikisha kilomita 3,900. Petroli yake ni lita 325, sawa na sh. 910,000. Umeme wake ni uniti 702, sawa na sh. 249,900. Tofauti ni sh. 660,000 kwa mwezi.

Hata hapo kuna masharti. Gari la betri ndogo halimalizi kilomita 150 bila kusimama kuchaji mchana, na muda huo ni abiria waliopotea. Dereva anahitaji betri kubwa, na pengo la bei linaweza kufika sh. milioni 20. Kwa riba na muda ule ule, marejesho ni karibu sh. 693,300. Kwa miaka mitatu dereva anatoa mfukoni sh. 33,000 kila mwezi, kisha akiba yote inakuwa yake. Ni biashara inayowezekana, ilimradi betri iwe na afya mwaka wa nne.

Ndiyo maana katika Afrika Mashariki umeme umeingia kwanza kwa pikipiki, bajaji na mabasi kabla ya magari ya nyumbani, na makampuni yametenganisha bei ya chombo na bei ya betri. Ampersand ilianza Kigali mwaka 2019 kwa pikipiki ambazo dereva hubadilisha betri iliyoisha kwa iliyojaa. BasiGo ilianza Nairobi mwaka 2022 kwa mabasi ambayo mwenye gari hulipia huduma ya betri na chaji kwa kila kilomita. Kwa mpango huo hatari ya betri kuchoka inabaki kwa kampuni. Mwenye bodaboda asiye na mtaji mkubwa anapaswa kuutafuta mkataba wa aina hiyo kabla ya kununua chombo pamoja na betri.

Sera za jirani, kodi za kesho

Serikali za jirani zimechukua hatua tofauti. Kenya ilipunguza ushuru wa bidhaa wa magari ya umeme kutoka asilimia 20 hadi 10 mwaka 2019, na mwaka 2023 ikaweka bei maalumu ya umeme wa kuchaji vyombo vya usafiri, sh. 16 za Kenya kwa uniti na sh. 8 kwa saa za matumizi madogo, kabla ya makato. Rwanda ilitangaza misamaha ya kodi kwa magari, betri na vipuri vyake mwaka 2021. Ethiopia ilikwenda mbali zaidi mwaka 2024 kwa kuzuia uingizaji wa magari binafsi ya petroli na dizeli.

Mwekezaji asidhani kuwa nafuu ya leo imeandikwa kwenye jiwe. Nchini Tanzania ada ya mwaka ya leseni ya gari ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye mafuta, kwa nyongeza ya sh. 40 kwa lita. Mwaka 2023 tozo ya mafuta iliongezwa sh. 100 kwa lita. Asiyenunua mafuta halipi fedha hizo, ingawa anatumia barabara zile zile. Magari ya umeme yakiwa machache, Hazina haitajali. Yakiwa mengi, itatafuta njia nyingine ya kuzipata. Uingereza, ambako magari ya umeme yalisamehewa kodi ya barabara kwa miaka mingi, imeyatoza tangu Aprili 2025. Hesabu ya miaka mitano ijayo iache nafasi ya kodi kama hiyo.

Kwa wafanyabiashara na wawekezaji wadogo

Kwa familia, kipimo ni kilomita. Kwa tarakimu zilizotumika hapa, anayetembea chini ya kilomita 1,000 kwa mwezi na anayehitaji mkopo abaki na gari lake, na kama petroli inamwelemea, afikirie gesi. Anayetembea kilomita 1,500 au zaidi, mwenye mita yake, uzio wake na fedha taslimu, anaweza kulitafuta gari la umeme lenye betri nzima na kutarajia fedha yake kurudi kabla ya miaka minne. Anayefanya biashara ya usafiri alinganishe kwanza mkataba wa kukodi betri na bei ya kununua.

Kwa mfanyabiashara, faida ya mapema haiko lazima katika kuuza magari. Mafundi wanaojua kupima na kufungua betri kwa usalama ni wachache. Soketi bora, waya mnene, swichi na chaja za nyumbani zitahitajika kila mahali gari la umeme linapoingia. Matairi, shokapu na bushi zitaendelea kuchakaa kama kawaida, tena haraka zaidi kwa kuwa gari la umeme ni zito. Mwenye duka la vipuri anayeishi kwa filta na plagi ana muda wa kujipanga, maana magari ya petroli hayataondoka mwaka huu wala mwaka ujao.

Kabla ya yote, kila mwenye gari aweke daftari kwa miezi mitatu, aandike kilomita, lita, matengenezo na bima. Wafanyabiashara wa Dar es Salaam wana msemo wa siku nyingi: mali bila daftari hupotea bila habari. Miezi mitatu ya kuandika haina gharama, na itamwambia mwenye gari kama yuko upande wa familia ya Mbezi au upande wa dereva teksi kabla hajatia saini fomu ya mkopo.